Ugali haufukuzwi mezani: mwongozo wa mlo wa glaisemia ya chini kwa mwenye PCOS

Kila wiki hunijia maswali yaleyale kutoka kwa wanawake wa Kisumu, Siaya, Kakamega na Nakuru ambao wametoka kliniki wakiwa na karatasi iliyoandikwa PCOS, yaani tatizo la homoni nitakaloeleza hapa chini, na ushauri wa mstari mmoja kwamba wapunguze vyakula vya wanga. Wanauliza kama ni lazima waache ugali, kama uji wa wimbi ni dawa, na kama kinoa na unga wa lozi vinavyosifiwa mitandaoni vinapatikana soko la Kibuye, hapa Kisumu. Nimeishi na hali hii kwa miaka mingi, na mwaka wa kwanza niliupoteza kwa kufuata orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa ajili ya jiko la nchi nyingine. Niliacha ugali ghafla, nikashinda na njaa, na siku ya kumi na moja nilikula mandazi sita bila kuinuka kitini. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa kutumia vyakula vya masoko yetu, na ninakusihi uufuate hatua kwa hatua, usiruke hata moja kwa sababu ya haraka.

Machache ya kuelewa kwanza

PCOS (kifupi cha Kiingereza cha polycystic ovary syndrome) ni hali ya homoni ambayo huvuruga hedhi, huleta chunusi na ndevu kwa wengine, na huonekana kwa baadhi yetu kwenye picha ya altrasaundi kama ovari zenye vifuko vingi vidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanayo, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao hawajui. Katika miili ya wengi wetu insulini haifanyi kazi yake sawasawa, kwa hiyo kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi ili kuishusha sukari ya damu, na insulini hiyo nyingi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Chakula kinachopandisha sukari kwa kasi huizidisha insulini, na chakula kinachoipandisha polepole huipunguzia kongosho kazi.

Kasi hiyo hupimwa kwa fahirisi ya glaisemia, ambayo wataalamu wa lishe huifupisha kuwa GI. Ilianzishwa mwaka 1981 na David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada. Glukosi hupewa 100, chakula chenye 55 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa cha chini, na chenye 70 au zaidi huhesabiwa kuwa cha juu. Maharagwe yako karibu na 24, dengu karibu na 32, nduma karibu na 53, wali mweupe karibu na 73, na mkate mweupe karibu na 75. Huhitaji kukariri zaidi ya hapo, kwa sababu idadi hizi hubadilika kulingana na aina ya mbegu, usagaji na upishi, na kwa sababu kiasi unachokula kina uzito sawa na kasi ya chakula chenyewe.

Ni haki yako kujua pia kwamba mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 hauutaji mlo wowote mmoja kuwa unaishinda mingine yote. Mimi nimeuchagua huu kwa sababu hauhitaji kupima kila tonge, haukunyimi chakula cha nyumbani, na unaweza kuufuata mwaka baada ya mwaka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu, kwa ajili ya chakula na tarehe za hedhi.
- Futi ya fundi cherehani ya kupimia kiuno.
- Kijiko kimoja cha chai ambacho kitakuwa ndicho cha sukari, kisibadilishwe.
- Bakuli dogo linaloweza kubeba kiasi cha ngumi yako iliyofumbwa.
- Sahani ya kawaida isiyo na kina, ambayo unaweza kuigawa kwa macho.
- Gorogoro moja, yaani kopo la kupimia nafaka sokoni, ya maharagwe au ndengu (choroko) kavu, iliyokwisha kuchambuliwa.
- Kipimo cha sukari cha kidole ukiwa nacho au ukiweza kuazima, ingawa si lazima.

Kabla ya hivyo vyote, hakikisha kwamba umechunguzwa na daktari, kwa maana matatizo ya tezi ya shingo na kupanda kwa homoni ya prolaktini nayo huvuruga hedhi, na hakuna sahani ya mboga itakayoyatibu. Omba pia upimwe kisukari, hasa kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa mbili. Jambo hili lina uzito wa pekee katika ukanda wetu wa Ziwa, ambako selimundu ni ya kawaida, kwa sababu kipimo cha HbA1c, kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi michache, kinaweza kutoa jibu la uongo kwa mwenye selimundu au upungufu wa damu. Mweleze anayekupima kama una hali hiyo.

Tahadhari. Ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoishusha sukari, usibadilishe mlo wako kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu dozi iliyokufaa ulipokuwa ukila ugali mkubwa inaweza kukuangusha ukila mdogo. Anayetumia metfomini, dawa ya kuisaidia insulini ifanye kazi, asiiache kwa sababu tu ameanza kula vizuri. Mjamzito asitumie mwongozo huu kupunguza uzito, na aliyewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima chakula au kula kupita kiasi kisha kujitapisha aanze pamoja na mtaalamu, bila kupima chochote peke yake.

Hatua kwa hatua

1. Andika ulivyo kwa siku saba. Usibadilishe kitu wiki hii. Andika kila unachokula na kunywa, saa uliyokula, na jinsi ulivyojisikia saa mbili baadaye, kama ulikuwa na usingizi, njaa au nguvu. Andika pia vijiko vya sukari, kipande cha muwa ulichotafuna stendi ya matatu, na vilivyobaki kwenye sahani ya mtoto ukavimalizia. Pima kiuno mara moja asubuhi, ukipitisha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, uandike. Wanaoruka hatua hii ndio wanaoniambia baada ya mwezi kwamba mlo haufanyi kazi, na ninapowauliza walikuwa wakila nini awali, hawakumbuki.

2. Anza na kikombe cha chai. Ninakiweka mbele ya ugali kwa makusudi. Mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ameingiza vijiko kumi na viwili, na kijiko kilichosawazishwa kina takribani gramu 4, kwa hiyo amekunywa karibu gramu 48 kabla hajala kitu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takribani gramu 25. Punguza nusu kijiko kila baada ya siku nne. Ulimi huzoea polepole, na ukikata yote kwa siku moja utairudia yote kwa siku moja. Tangawizi, mdalasini au majani ya mchaichai husaidia sana katika wiki ya pili, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Kosa linalojirudia hapa ni kuhamia kwenye sukari nguru au asali kwa kuamini kwamba vya asili havidhuru. Sukari nguru ya Kakamega imetokana na muwa uleule, na asali ina GI ya karibu 61 wakati sukari ya kawaida ina 65, tofauti ambayo mwili wako hautaitambua. Soda na juisi ziondoke kabisa, hata juisi uliyosaga mwenyewe, kwa sababu chupa ya soda ya mililita 300 hubeba takribani gramu 30 za sukari, na juisi ya machungwa manne haina nyuzinyuzi za kuizuia. Kula chungwa lenyewe.

3. Badilisha kifungua kinywa. Mandazi mawili na chai, au mkate mweupe wenye siagi, hupandisha sukari mapema na kukuacha na njaa ifikapo saa nne. Chagua mojawapo kati ya hivi na ukizoee kwa wiki mbili kabla ya kuongeza kingine: mayai mawili na kipande cha nduma, kiazi kitamu kimoja kilichochemshwa na kiganja cha njugu karanga, bakuli la nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ambayo wengine huyaita githeri, iliyobaki jana, au maziwa lala yasiyotiwa sukari pamoja na pera au nusu ya parachichi.

Kiazi kitamu kinahitaji neno la ziada. Kilichochemshwa kwa maganda yake hupandisha sukari taratibu kiasi, lakini kilichochomwa kwenye makaa au kuokwa hupandisha kwa kasi kubwa zaidi, ingawa ni kiazi kilekile kutoka shamba lilelile. Chemsha.

Kuhusu uji, ninaomba tuwe wakweli. Uji wa wimbi una madini ya chuma na kalisi, nami ninaupenda, lakini nafaka iliyosagwa laini na kupikwa hadi ikawa kinywaji huingia kwenye damu upesi, na uji wa aina hiyo umepimwa ukawa karibu na 67. Ukiutaka, tumia unga uliochachushwa usiku kucha, kwa sababu asidi ya uchachu hupunguza kasi. Kunywa kikombe kimoja tu, usitie sukari, na ule pamoja na yai au njugu.

4. Urekebishe ugali. Hapa ndipo wengi hukwama, nami najua ni kwa nini. Magharibi mwa Kenya mtu anaweza kula wali, viazi na chapati, kisha akasema kwa dhati kwamba hajala, kwa kuwa hajaona ugali. Usipigane na jambo hilo. Rekebisha unga, kiasi na namna ya kujipakulia.

Unga. Ule mweupe wa pakiti wa gredi ya kwanza umeondolewa ganda na kiini. Nunua mahindi makavu yasiyo na ukungu, uyapeleke kwenye mashine ya posho bila kukobolewa, na umwombe mwenye mashine akusagie unga wa chengachenga kidogo badala ya ule unaoteleza kama poda. Chembe kubwa humeng'enywa polepole. Ukipenda, changanya na mtama au wimbi kwa sehemu sawa. Muhogo uwe kidogo au usiwepo, kwa sababu ni wanga karibu mtupu, na watu wengi wanaokula ugali wa rangi ya udongo wakidhani uko salama wanakula muhogo zaidi ya mtama.

Kiasi. Ngumi yako moja iliyofumbwa, kwa mlo mmoja. Rangi ya unga haikupi ruhusa ya kuongeza. Nimeketi na dada aliyekuwa akila ugali wa wimbi wa ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, mchana na usiku, akishangaa kwamba shingo yake bado ni nyeusi na ngumu, ile alama ya ngozi inayoonyesha insulini nyingi mwilini.

Kujipakulia. Ugali wetu huwekwa katikati ya meza ukiwa mlima mmoja, kila mtu akamega upande wake, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kwa hiyo ukishaupindua kutoka sufuriani, kabla haujafika mezani, chukua mwiko uliolowanishwa maji, kata sehemu yako, iingize kwenye lile bakuli dogo, ulikandamize kidogo, kisha uupindue kwenye sahani yako. Utatoka mviringo safi kama keki ndogo, hakuna atakayeona kwamba umejinyima, na nyumba nzima itaendelea kula sufuria moja. Ugali wa kiporo unaopashwa moto asubuhi nao unakubalika, kwa sababu wanga uliopoa hubadilika kwa sehemu na kuwa mgumu kumeng'enywa, mradi kiasi kibaki kilekile.

5. Jaza nusu ya sahani kwa mboga. Hatuna haja ya kununua chochote cha kigeni. Osuga ambayo wengine huiita managu, dek ambayo ndiyo saga, apoth ambayo ndiyo mrenda, majani ya kunde, mitoo, terere, sukuma wiki na kabeji vyote vinafaa. Mrenda una utelezi ambao ni nyuzinyuzi zenyewe zinazoyeyuka, nao ndio rafiki mkubwa wa ugali mdogo. Mboga chungu zipikwe kwa maziwa kama ilivyo desturi, zilazwe, zipashwe kesho yake, kwa kuwa hazipotezi kazi yake. Kosa la kawaida ni kuhesabu viazi na mahindi mabichi kuwa mboga. Hivyo ni wanga, navyo vinakaa upande wa ugali.

6. Weka protini katika kila mlo, na jamii ya kunde kila siku. Robo ya sahani iwe samaki kama ngege, mbuta au omena, au yai, kuku, nyama, au maharagwe yaliyokolea. Omena ni ya bei nafuu na ina kalisi nyingi kwa sababu huliwa na mifupa yake. Ioshe kwa maji ya moto mara mbili, ikaushe, iunge kwa nyanya na mafuta kidogo badala ya kuizamisha kwenye mafuta.

Ndengu, kunde, njahi na maharagwe ndiyo nguzo ya mlo huu, na kinachowashinda watu ni muda wa kupika. Loweka gorogoro nusu Jumamosi jioni, mwaga maji hayo asubuhi, chemsha kwa maji mapya hadi yaive kabisa, kisha gawanya sehemu za siku tatu kwenye friji na nyingine kwenye friza. Asiye na friji apike kidogo kila siku mbili, tena aanze na ndengu, ambazo huiva haraka kuliko maharagwe.

7. Wali, viazi na chapati. Vina nafasi yake, mara mbili au tatu kwa wiki. Pishori ya Mwea ni ya ukoo wa basmati, ambao kwa kawaida hupandisha sukari polepole kuliko mchele unaoshikana. Pakua nusu kikombe kilichoiva, na kiporo cha wali kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kwa sababu kikilala nje huleta sumu ya chakula. Nyinyi wa Nakuru mliozungukwa na viazi vya Molo na Mau Narok, vichemsheni na maganda, mviache vipoe usiku kucha, mvile kama kachumbari yenye limau au siki, maana viazi vilivyopondwa vikiwa vya moto ni miongoni mwa vyakula vinavyopandisha sukari kwa kasi kubwa. Chapati iwe moja, ya unga wa ngano usiokobolewa, na bakuli la ndengu liwe kubwa kuliko yenyewe.

8. Badilisha utaratibu wa kula. Kula mboga kwanza, kisha samaki au maharagwe, na umalizie na wanga. Utafiti kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili umeonyesha kwamba chakula kilekile, kikiliwa kwa utaratibu huo, hupandisha sukari kidogo kuliko wanga ukitangulia. Najua ugali ndio kijiko chetu, kwa hiyo maliza nusu ya mboga kwa uma kabla ya tonge la kwanza, inatosha. Baada ya kula, tembea dakika kumi hadi kumi na tano. Misuli inayofanya kazi huichukua sukari bila kuhitaji insulini nyingi, na kutembea hadi dukani na kurudi kunatosha kwa kazi hiyo.

9. Jiandae kwa ugenini. Kukataa chakula nyumbani kwa mama mkwe kunaumiza, na si lazima umweleze kila mtu habari za ovari zako. Kula yai au njugu kabla ya kuondoka. Ukifika, jitolee kusaidia kupakua, ili sahani yako uipange mwenyewe. Ukipakuliwa, anza na mboga, sifu mboga, omba mboga zaidi, na ugali uumege polepole. Mama atafurahi kuona mboga zake zimeisha. Chai yenye sukari ikishawekwa mezani, kunywa kikombe kimoja kwa heshima, usijadiliane. Kikombe kimoja cha Jumapili hakiharibu wiki.

10. Pima baada ya wiki kumi na mbili. Usipime kabla. Angalia tarehe za hedhi, kiuno, usingizi wa mchana na hamu ya sukari, kisha ndipo uangalie uzito. Kwa aliye na uzito mkubwa, kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha hedhi, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mwenye kilo 80. Mwembamba mwenye PCOS asipunguze kiasi cha chakula, abadilishe aina tu, na pale ugali ulipopungua aongeze maharagwe, parachichi na njugu. Ukiwa na kipimo cha kidole, pima saa mbili baada ya kuanza mlo, na kwa asiye na kisukari jibu linapaswa kuwa chini ya 7.8 mmol/L (milimoli kwa lita). Ukipata 7.0 au zaidi asubuhi kabla ya kula, nenda ukapimwe hospitalini.

Mambo yakienda kombo

*Ninapata njaa kali saa nne asubuhi.* Kifungua kinywa chako hakina protini ya kutosha. Ongeza yai la pili au kiganja cha njugu, na usiongeze nduma.

*Tumbo linajaa gesi.* Umeingia kwenye maharagwe kwa pupa. Rudi kwenye vijiko vitatu kwa siku, tumia ndengu, mwaga maji ya kulowekea, na uongeze kidogo kila wiki. Ukifunga choo, maji uliyokunywa hayalingani na nyuzinyuzi ulizoongeza.

*Natetemeka, natoka jasho, naona kizunguzungu.* Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, hii ni dharura. Koroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji, kunywa mara moja, pima tena baada ya dakika kumi na tano, kisha mpigie daktari siku hiyohiyo ili dozi ibadilishwe.

*Uzito haujashuka hata kidogo.* Tazama daftari. Ikiwa hedhi imekaribiana na kiuno kimepungua, mwili unaitika, endelea. Ikiwa hakuna kilichobadilika, rudia hatua ya kwanza kwa siku tatu, na uangalie hasa mafuta ya kukaangia, matunda ya jioni na vikombe vya chai vilivyorudi kimyakimya.

*Mume na watoto wanalalamika.* Usipike sufuria mbili, kwa maana utachoka ndani ya wiki moja. Unga wa mahindi usiokobolewa, mboga nyingi na omena ni chakula cha nyumba nzima, na tofauti yako ni lile bakuli tu.

*Sijaona hedhi kwa siku 90, ingawa nafuata kila kitu.* Acha kusubiri mlo. Ukuta wa mfuko wa uzazi unaoendelea kunenepa bila kutoka huongeza hatari ya saratani, na kuna dawa za kuleta hedhi zinazoulinda. Niliwahi kuambiwa katika kliniki moja nipunguze unene kwanza ndipo nirudi, nikakaa miezi saba bila msaada. Usikubali jibu kama hilo, tafuta daktari mwingine. Damu ikija baada ya muda mrefu nayo ikawa nzito, ikilowanisha pedi moja kila saa, nenda hospitalini siku hiyohiyo.

*Hedhi imerudi, nami sikutarajia.* Yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana, kwa hiyo hata mwanamke aliyeambiwa kwamba itamwia vigumu kuzaa anaweza kushika mimba katika miezi hii. Kama hutaki mimba sasa, zungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango tangu wiki ya kwanza ya mlo huu. Kama unaitaka, anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku kuanzia sasa, mweleze daktari dawa zote unazotumia, na ukichelewa kuona hedhi, pima mimba kabla ya kudhani kwamba PCOS imerudi.